Kisu na Mazoezi katika Historia ya Tiba ya Gegedu la Goti

Ndani ya goti, baina ya fupa la paja na muundi, mna vipande viwili vya gegedu, yaani ile tishu imara inayonyumbulika ambayo si mfupa wala si nyama, vilivyopinda mfano wa mwezi mchanga na kukaa kimoja upande wa ndani na kingine upande wa nje wa kiungo. Umbo hilo ndilo lililovipa jina katika lugha ya tiba, kwani neno meniski limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwezi mchanga, na Waarabu nao huliita gegedu hilo kwa jina la hilali, ambalo msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufasiriwa. Kwa kuwa ncha ya fupa la paja ni ya mviringo na uso wa juu wa muundi unakaribia kuwa bapa, vipande hivyo hukaa kati yake kama kabari, vikautandaza uzito wa mwili ili usielemee mahali pamoja. Mtu anapopinda goti huku mguu umekanyaga chini kwa nguvu, au anapozeeka na gegedu likapoteza unyumbufu wake, kabari hiyo huchanika. Linalostaajabisha katika historia ya tiba ya mchaniko huo ni kwamba mazoezi, ambayo leo hupewa nafasi ya kwanza kwa wagonjwa wengi, yalikuwapo wodini kwa muda mrefu yakihesabiwa kuwa mtumishi wa kisu, na yalipopanda cheo hayakupanda kwa sababu ya ugunduzi mkubwa juu ya mazoezi yenyewe, bali kwa sababu kisu kilianza kutiliwa shaka.

Kabla ya dawa ya usingizi, na kabla ya kujulikana kwamba vijidudu ndivyo vinavyoozesha vidonda, kufungua goti la mtu hai kulikuwa sawa na kuuweka rehani mguu wake wote, kwa hiyo waliotibu goti walitegemea mikono. William Hey, mpasuaji wa mji wa Leeds nchini Uingereza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1803 hali aliyoiita mvurugiko wa ndani wa goti, ambapo kiungo hunasa ghafla kikakataa kunyooka ingawa kwa nje hakionyeshi kasoro, naye aliitibu kwa kulinyoosha na kulikunja goti hadi kilichonasa kikaachia. Hapakuwa na la zaidi hadi Joseph Lister alipofundisha namna ya kuua vijidudu katika chumba cha upasuaji. Thomas Annandale, aliyerithi kiti cha uprofesa cha Lister huko Edinburgh mwaka 1877, alifungua goti la mfanyakazi wa mgodini mwenye umri wa miaka 30 mnamo Novemba 1883, akalikuta gegedu la upande wa ndani limebanduka kwa mbele, akalivuta na kulirudisha mahali pake, kisha akalishona kwa uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Taarifa ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1885, na inafaa kukumbukwa kuwa upasuaji huo wa mapema ulikuwa wa kushona, kwa maana kizazi kilichofuata kilisahau sindano kikashika makasi.

Sababu ya usahaulifu huo ilikuwa ya kinadharia. Mwishoni mwa karne ya 19, John Bland-Sutton, mpasuaji wa London aliyependa pia kulinganisha maumbile ya wanyama, aliandika kwamba magegedu hayo ni mabaki ya misuli ya mguu yasiyo na kazi yoyote, na kauli ya namna hiyo ikitoka kwa mtu mwenye jina huishi muda mrefu kuliko inavyostahili. Ikiwa kitu hakina kazi, kukiondoa si hasara, na ikiwa kimechanika, kukiacha ni uzembe. Thomas Porter McMurray wa Liverpool, ambaye kipimo chake cha kulizungusha goti ili kusikiliza mlio wa gegedu bado hufundishwa vyuoni, aliandika mwaka 1942 kwamba kosa linalotendeka mara nyingi mno ni kuliondoa gegedu nusunusu, na kwamba mpasuaji aliyekwisha kutambua mchaniko wa nyuma kwa kumpima mgonjwa anaweza kuling'oa hata kama sehemu ya mbele, aliyoiona kwa macho baada ya kulifungua goti, inaonekana nzima. Wachezaji wa mpira wa miguu na wachimba makaa ya mawe, ambao kazi yao iliwataka kupiga magoti na kuchuchumaa ndani ya mashimo mafinyu, waling'olewa magegedu kwa wingi, wakarudi viwanjani na mashimoni, na kurudi kwao kukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba wamepona.

Sauti za onyo hazikukosekana. Mwaka 1936 Don King alionyesha kwa kuwachunguza mbwa kwamba mchaniko unaofika ukingoni, mahali penye mishipa ya damu, unaweza kupona wenyewe, ilhali ule wa katikati, pasipofikiwa na damu, haupati kuunga. Mwaka 1948 Thomas Fairbank wa Uingereza alichapisha matokeo ya kupiga picha za eksirei magoti 107 yaliyokwisha kung'olewa gegedu, akayakuta na mabadiliko matatu, nayo ni kigongo kilichoota ukingoni mwa fupa la paja, kubanana kwa nafasi ya kiungo, na kubapaa kwa ncha iliyokuwa mviringo. Fairbank alitumia maneno ya upole, akisema tu kwamba upasuaji huo hauwezi kuhesabiwa kuwa usio na madhara kabisa, na pengine ni upole huo uliowafanya wenzake waendelee kung'oa kwa zaidi ya miaka 20 mingine, wakati alichokiona ni mwanzo wa kile ambacho watu wa kawaida husema kwa neno moja, kusagika kwa goti.

Hadi hapo mazoezi yalikuwa yakiendelea wodini bila ya kutajwa sana vitabuni. Asili yake katika tiba ya Ulaya hupelekwa Stockholm, ambako Pehr Henrik Ling alianzisha mwaka 1813 taasisi ya kifalme ya mazoezi ya viungo, iliyofundisha miondoko maalumu kwa ajili ya afya na kwa ajili ya wagonjwa. Huko Uingereza njia ilikuwa nyingine, kwa sababu mazoezi yaliingia hospitalini kupitia mlango wa kukanda. Mwaka 1894 wanawake wanne waliokuwa wauguzi na wakunga waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa, nia yao ikiwa kuilinda kazi hiyo na kashfa za nyumba zilizouza mambo mengine kwa jina la kukanda, na kanuni yao ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna kukanda pasipo maelekezo ya daktari. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na mwaka 1944 kikachukua jina la fiziotherapia, yaani tiba inayotumia mikono, mazoezi, joto na nguvu nyingine za kimaumbile badala ya dawa na kisu.

Kanuni hiyo iliwapa heshima, lakini pia iliwafunga. Mtu asiyeweza kumgusa mgonjwa ila kwa agizo la mpasuaji hawezi kuwa mbadala wa mpasuaji. Aidha, jina la kukanda lilificha jambo ambalo msemaji wa Kiswahili angelitambua mara moja, kwa kuwa kukanda na kuchua hufanywa na mikono ya mwingine huku mgonjwa amelala, wakati mazoezi hufanywa na mgonjwa mwenyewe, na goti lililoumia lina haja zaidi na hilo la pili. Goti linapovimba kwa maji, neva hupunguza amri zinazokwenda kwenye misuli minne ya mbele ya paja, misuli hiyo ikalegea na kusinyaa kwa muda mfupi hata paja likaonekana jembamba kuliko la pili, na goti lisiloshikiliwa na misuli hiyo hutetereka, likaumia tena na kuvimba upya. Kwa hiyo mgonjwa alifundishwa, kabla ya kupasuliwa na tena baada yake, kuukaza msuli wa paja akiwa amelala chali, kuisukuma sehemu ya nyuma ya goti dhidi ya godoro, kuhesabu, kulegeza, na kurudia, kisha kuuinua mguu mzima ukiwa umenyooka. Ni zoezi lisilo na fahari, lisilohitaji kifaa, na hadi leo ndilo linalotangulia kufundishwa.

Hatua kubwa ya kuyapa mazoezi hayo kipimo ilichukuliwa jeshini. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa amejijenga kwa kunyanyua vyuma ujanani baada ya kuugua homa ya baridi yabisi, aliwahudumia askari wenye magoti na mapaja yaliyoumia katika hospitali ya kijeshi ya Gardiner huko Chicago, na mwaka 1945 alichapisha hoja iliyopingana na mazoea ya wakati wake, kwamba nguvu ya msuli hairudi kwa kurudia mara nyingi mzigo mwepesi bali kwa kunyanyua mzigo mzito unaoongezwa kadiri msuli unavyopata nguvu. Askari aliketi ukingoni mwa meza akafungwa kiatu cha chuma kilichotundikwa vipande vya uzito, akaunyoosha mguu taratibu na kuushusha taratibu. Kipimo kilikuwa uzito mkubwa kuliko wote ambao mtu angeweza kuunyanyua mara 10 tu, na katika utaratibu ambao DeLorme na mwenzake Arthur Watkins waliuchapisha mwaka 1948, mgonjwa alinyanyua nusu ya uzito huo mara 10, robo tatu yake mara 10, kisha uzito kamili mara 10. Mpango wa seti tatu za kumikumi, unaofuatwa leo katika kumbi za mazoezi na watu wasiojua ulikotoka, una asili yake katika magoti ya askari hao.

Wakati huohuo kisu kilikuwa kikipata chombo kipya. Mwaka 1918 Kenji Takagi wa Tokyo alikuwa ameingiza bomba la kuchungulia kibofu ndani ya goti la maiti, akitafuta njia ya kuwahi kifua kikuu cha goti ambacho kiliukakamaza mguu katika nchi ambayo watu wake huketi sakafuni. Mwanafunzi wake Masaki Watanabe alikiboresha chombo hicho, akakitumia mwaka 1962 kukata sehemu tu ya gegedu lililochanika, na Robert Jackson wa Toronto, aliyefika Japani wakati wa michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964, akaupeleka ujuzi huo Amerika ya Kaskazini. Upasuaji wa matundu madogo ulimpa mgonjwa kovu dogo na kumrudisha nyumbani siku hiyohiyo, na urahisi wake ndio uliouzidisha, kwani jambo likiwa jepesi kutenda, swali la kama linafaa kutendwa huahirishwa.

Swali hilo liliulizwa kwa ukali nchini Ufini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 146 wenye umri wa kati ya miaka 35 na 65, waliokuwa na mchaniko wa gegedu la ndani uliotokana na uchakavu, walichunguliwa goti kwa bomba, kisha bahasha ikafunguliwa mlemle chumbani kuamua nani akatwe gegedu na nani asikatwe. Kwa asiyekatwa, mpasuaji aliomba vyombo vilevile, akalichezesha goti, na kukigandamizia kilegesambwa kwa nje mashine ya kukatia iliyotolewa wembe ili mtetemo na mlio wake vifanane na vya kazi ya kweli. Baada ya miezi 12 makundi mawili hayakutofautiana. Utafiti wa jirani yake kimawazo, uliofanywa Houston na kuchapishwa mwaka 2002 kwa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika, ulikuwa umefikia hitimisho kama hilo. Tena, picha za sumaku za watu 991 wa mji wa Framingham nchini Marekani, zilizochapishwa mwaka 2008, zilikuwa zimeonyesha kwamba kati ya waliokutwa na gegedu lililoharibika, asilimia 61 hawakuwa na maumivu yoyote ya goti katika mwezi uliotangulia, maana yake ni kwamba mchaniko unaoonekana pichani huenda si chanzo cha maumivu ya mwenye goti.

Hapo ndipo mazoezi yalipoitwa kizimbani kama mshtakiwa wa haki sawa. Nchini Norwei wagonjwa 140, wenye wastani wa umri unaokaribia miaka 50, walipangwa kwa kura, wengine wakapasuliwa na wengine wakafanya mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki kwa muda wa wiki 12, wakisimamiwa, wakianza kwa baiskeli isiyokwenda na kuendelea na mazoezi ya mizani ya mwili na ya nguvu. Matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha tofauti isiyofika alama 1 katika kipimo cha alama 100 baada ya miaka miwili, huku waliofanya mazoezi wakiwa na mapaja yenye nguvu zaidi katika miezi ya mwanzo. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba asilimia 19 ya kundi la mazoezi waliomba kisu baadaye, na katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 wenye wagonjwa 351 waliovuka upande huo ndani ya miezi sita walikuwa asilimia 30, kwa hiyo anayesema mazoezi yamekifukuza kisu anazidisha. Mazoezi hayaungi gegedu, bali huipa misuli uwezo wa kubeba kile ambacho gegedu halikibebi tena, na goti lililonasa kabisa kwa kipande kilichopinduka ndani yake bado ni kazi ya mpasuaji, ambaye siku hizi hupendelea kushona pale damu inapofika, kama alivyofanya Annandale.

Mwaka 2017 jopo la kimataifa lililochapisha mwongozo wake katika jarida la tiba la Uingereza lilipendekeza kwa nguvu kwamba takriban wagonjwa wote wenye magoti yaliyochakaa, wakiwamo wenye magegedu yaliyochanika, wasifanyiwe upasuaji wa matundu. Swali la vijana lilisubiri zaidi, hadi mwaka 2022, miaka 139 baada ya upasuaji wa Edinburgh, ulipochapishwa utafiti wa Denmark wa wagonjwa 121 wenye umri wa kati ya miaka 18 na 40, ambao baada ya mwaka mmoja haukuona tofauti ya maana baina ya waliopasuliwa mapema na walioanza kwa mazoezi na mafunzo, na takriban robo ya hao walioanza kwa mazoezi hatimaye walipasuliwa.