Simplon Pass: The Lesson

Simplon Pass: The Lesson (yaani "Njia ya Simplon: Somo") ni picha ya rangi za maji iliyochorwa na John Singer Sargent mwaka 1911 katika milima ya Alpi, nchini Uswisi. Inamwonyesha Emily, dada wa mchoraji, akiwa ameketi mlimani na kuchora, huku wapwa wao wawili, Rose-Marie na Reine Ormond, wakiwa karibu naye. Picha hii ni mali ya Museum of Fine Arts ya mjini Boston, Marekani.

Historia

Sargent (1856–1925) alizaliwa Firenze, Italia, na wazazi Wamarekani. Alipata umaarufu na fedha kwa kuchora watu matajiri wa Ulaya na Marekani kwa rangi za mafuta. Kufikia mwaka 1907 alikuwa amechoshwa na kazi hiyo, akaanza kukataa maombi mengi ya namna hiyo. Majira ya joto alisafiri pamoja na ndugu na marafiki, akachora alichopenda mwenyewe.

Kati ya miaka 1909 na 1911 walikwenda Simplon, njia ya mlimani inayounganisha Uswisi na Italia kwenye kimo cha mita 2,005 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara yake ya magari ya farasi ilijengwa kwa amri ya Napoleon mwanzoni mwa karne ya 19. Huko Sargent alichora mawe, vijito na wanawake waliopumzika kwenye majani. Mara nyingi wanawake hao walikuwa ndugu zake, wamevaa nguo nyeupe na kushika miavuli ya jua.

Namna ya kuitazama

Mtazamaji anayetafuta kisa katika picha hii hapati kikubwa: mtu anachora, wengine wako kando yake, basi. Kinachofaa kufuatwa kwanza ni mwanga. Nguo ni nyeupe, lakini ukiangalia kwa makini sehemu iliyo nyeupe kabisa ni ndogo. Mikunjo na sehemu zenye kivuli zimepakwa buluu, zambarau na kijivu, na pengine rangi ya joto inayotokana na ardhi iliyo karibu. Jicho hukusanya rangi hizo zote na kuziita "nyeupe". Hilo ndilo jambo ambalo wachoraji wa uimpresionisti wa Ufaransa walilisisitiza: kitu kilicho nje hakina rangi moja ya kudumu, bali hupokea rangi ya anga na ya vitu vinavyokizunguka, na kivuli si weusi.

Baada ya hapo inafaa kubadili umbali. Kwa karibu, mkono au kofia ni madoa machache tu ya brashi, na nyuso hazikumaliziwa kama zilivyo katika picha za Sargent za rangi za mafuta. Ukirudi nyuma hatua chache, madoa yanakuwa mwili wenye uzito ulioegemea mteremko. Huo si uzembe. Mchoraji aliyeweza kuonyesha kila uzi wa hariri alichagua kuacha alipoona panatosha.

Je, Sargent alikuwa mwimpresionisti? Alikuwa rafiki wa Claude Monet na alimchora akifanya kazi kando ya msitu. Hata hivyo Monet alisema baadaye kwamba Sargent hakuwa mwimpresionisti kwa maana waliyoitumia wao, kwa kuwa aliathiriwa mno na mwalimu wake, Carolus-Duran. Kwa picha hii swali hilo lina uzito mdogo: mwanga wake ni wa kiimpresionisti, ingawa miili imejengwa kwa uthabiti wa mtu aliyefunzwa kuchora sura za watu.

Mbinu

Katika rangi za maji za kawaida hakuna haja ya rangi nyeupe, kwa sababu weupe hutoka kwenye karatasi yenyewe iliyoachwa bila kupakwa. Kosa ni gumu kufuta, hivyo mchoraji lazima ajue mapema mahali pa kuacha. Sargent alianza kwa mistari michache ya penseli, kisha akapaka rangi nyepesi zinazopitisha mwanga. Lakini hakujifunga na kanuni hiyo: aliongeza rangi nzito isiyopitisha mwanga alipoihitaji. Pia alitumia nta. Nta ikisuguliwa kwenye karatasi hukataa maji, na rangi inayopakwa juu yake hukatika vipande vipande. Mbinu hiyo inafaa hasa kwa majani makavu na mawe yenye kumeta.

Watu katika picha

"Somo" si jina la mzaha. Mama yao, Mary Newbold Singer, alikuwa mchoraji wa rangi za maji asiye wa kulipwa, na ndiye aliyewaanzisha watoto wake. Emily, aliyeugua uti wa mgongo utotoni na kubaki na ulemavu, alichora maisha yake yote, ingawa jina lake limefunikwa na la kaka yake. Katika picha hii ndiye mwenye kazi mkononi, naye ni mama mkubwa wa wasichana hao.

Rose-Marie aliolewa mwaka 1913 na Robert André-Michel, mwanahistoria wa sanaa, aliyeuawa vitani mwaka uliofuata. Mjane huyo kijana alihudumia askari waliopofuka. Tarehe 29 Machi 1918, siku ya Ijumaa Kuu, kombora la mzinga wa Ujerumani lilipiga kanisa la Saint-Gervais mjini Paris wakati wa ibada, naye akawa miongoni mwa makumi ya waliokufa. Mwaka huohuo mjomba wake alikwenda Ufaransa kuchora vita, akatoa picha kubwa ya *Gassed*, iliyokamilika 1919.

Mahali ilipo

Sargent hakupenda kuuza rangi zake za maji mojamoja. Mwaka 1909 jumba la makumbusho la Brooklyn lilinunua 83 kwa pamoja. Mwaka 1912 Boston ilinunua 45, zikiwemo picha za Simplon. Kwa kuwa mwanga hufifisha rangi za maji, picha za aina hii huonyeshwa kwa vipindi vifupi na kuhifadhiwa gizani muda mwingi.