Shamba la Nabothi, Marekani 1838

Andiko letu leo ni 1 Wafalme 21.

Ona jambo moja katika sura hiyo. Ahabu hakutuma jeshi kuchukua shamba la mizabibu la Nabothi. Zilitumika barua, muhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo, na wazee wa mji waliofanya walivyoambiwa. Dhuluma nyingi huja na karatasi zilizopangwa vizuri.

Niwape mfano kutoka historia ya Marekani, taifa hilo likiwa bado changa.

Wacherokee walikuwa wenyeji wa kusini mashariki mwa nchi hiyo. Waliambiwa wastaarabike kama wazungu. Wakalima, wakajenga shule na makanisa. Sequoyah, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, akabuni maandishi ya lugha yao kufikia 1821. Mwaka 1827 wakaandika katiba, na 1828 wakaanzisha gazeti lao. Hawakuwa malaika: matajiri wao walimiliki watumwa weusi, kama majirani wao wazungu.

Lakini ardhi yao ilifaa kwa pamba, na dhahabu ikaonekana Georgia. Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson akatia sahihi sheria ya kuwahamisha wenyeji hadi ng'ambo ya mto Mississippi. Katika Baraza la Wawakilishi ilipita kwa kura 102 dhidi ya 97. Wabunge watatu tu wangebadili kura, ingeanguka.

Georgia ikaamuru mzungu yeyote anayeishi kati ya Wacherokee aape utii kwa jimbo hilo na kupata kibali. Mwaka 1831 wazungu 11, wakiwemo wamishenari, wakahukumiwa miaka minne ya kazi ngumu. Wakaahidiwa msamaha wakikubali masharti. Tisa wakakubali. Wawili, Samuel Worcester na daktari Elizur Butler, wakakataa na kwenda jela. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na Machi 1832 Jaji Mkuu John Marshall akaamua kwamba Georgia haikuwa na mamlaka juu ya nchi ya Wacherokee. Georgia ikapuuza. Watumishi hao walibaki gerezani hadi Januari 1833. Mwaka huohuo wa 1832, Georgia iligawa mashamba ya Wacherokee kwa bahati nasibu, wenyewe wakiwa bado wanaishi humo!

Desemba 1835 kikundi kidogo kilitia sahihi mkataba wa kutoa ardhi yote, bila idhini ya chifu mkuu John Ross. Maelfu walipinga kwa maandishi. Seneti ikaupitisha. Mwaka 1838 askari wakawatoa watu nyumbani mwao. Kati ya watu kama 16,000, inakadiriwa 4,000 walikufa kambini na njiani. Safari hiyo inaitwa Njia ya Machozi.

Jesse Bushyhead, mhubiri Mcherokee wa Kibaptisti, aliongoza kundi moja la watu karibu 1,000. Barafu iliwazuia kwenye mto Mississippi katikati ya baridi kali. Alikuwa pale pamoja nao, na familia yake.

Mpendwa, usidhani waliopora walikuwa wapagani. Makanisa yalikuwepo Georgia. Biblia zilikuwepo. Ahabu naye alikuwa mfalme wa Israeli, si wa Wafilisti.

Mjane akinyang'anywa shamba, huwa kuna aliyeandika barua, aliyekuwa shahidi, na mzee aliyetia sahihi. Wakati mwingine mtu huyo anaimba kwaya Jumapili. Anajitetea kwamba yeye alitumwa tu. Wazee wa Yezreeli nao walitumwa tu.

Worcester na Butler hawakuokoa ardhi ile. Bushyhead hakuzuia safari ile. Lakini hakuna anayeweza kusema kanisa lote lilinyamaza.

Wiki hii ukiletewa karatasi utie sahihi, uliza: shamba hili ni la nani? Na kama tayari umekalia cha Nabothi, kirudishe. Eliya alimkuta Ahabu ndani ya shamba lenyewe.

Tuombe: Bwana, linda mikono yetu tusitie sahihi damu ya mtu. Tupe ujasiri wa kukataa, na moyo wa kutembea na walioonewa. Katika jina la Yesu.

Kama umeombewa, andika AMINA, kisha mtumie mzee mmoja wa ukoo wenu ujumbe huu. Mbarikiwe.