Egemeo Lililopanda na Misafara

Seremala wa Majengo, Dodoma, hujenga kiti kwa vipande: miguu, mbao za kukalia, egemeo, halafu gundi na misumari. Mchongaji wa Ugogo wa karne ya 19 alisimamisha gogo zima, akalichonga kwa tezo. Kilichotoka kilikuwa na kikalio cha mviringo, miguu mitatu iliyopinda na egemeo refu nyuma, vyote mti mmoja, pasipo kiungo.

Egemeo hilo lina asili yake. Kigoda bila egemeo ni cha kale. Baadhi ya wanahistoria wa sanaa wanaona kwamba Wagogo, Wahehe, Wakaguru na Wanyamwezi waliliongeza baada ya kuona viti vya pwani. Huko Lamu, Pate na Siyu kulikuwa na kiti cha enzi, cha mbao nyeusi, kamba zilizosukwa kwenye egemeo na urembo wa pembe au mfupa. Aghalabu aliyekalishwa hapo alikuwa mgeni wa heshima.

Njia ya kukutana ilikuwepo. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora na Ujiji. Ugogo maji yalikuwa ya shida, na watemi walitoza hongo ya vitambaa na shanga. Msafiri Stanley aliilalamikia sana hongo hiyo alipopita mwaka 1871. Kabla hongo haijakubaliwa msafara haukuondoka, na watu waliokaa kambini bila kazi hutazama vitu vya wenzao. Pembe za ndovu zilishuka pwani kwa njia ileile. Umbo la egemeo likapanda.

Lakini mchongaji hakuiga kila kitu. Egemeo alilichukua, viungo akaviacha, na miguu mitatu akaibakiza: juu ya sakafu ya udongo isiyo sawa, mitatu haiyumbi.

Hali kama hiyo ya kuchanganya la kale na jipya iliwapata Wafaransa baada ya katikati ya karne ya 18, mtindo wa Louis XV ulipokuwa ukipisha ule wa Louis XVI. Viti vya mikono vya kipindi hicho vina miguu ya kupinda ya zamani, huku fremu imeshavaa nakshi za Kigiriki na Kirumi. Wauzaji wa vitu vya kale huviita vya mpito. Tofauti ni kwamba chama cha mafundi wa Paris kiliwataka wagonge mhuri wa majina yao kwenye kazi, ndiyo maana fundi kama Louis Delanois anajulikana hadi leo.

Huku bara, kwa wachongaji wa Ugogo na jirani zao, hapakuwa na mhuri. Kiti cha Buruku, kutoka Unyamwezi, chenye umbo la mtu kwenye egemeo, kilichukuliwa enzi za Wajerumani na kimehifadhiwa Berlin. Kinaitwa kwa jina la mahali kilikotoka. La mchongaji halikuandikwa.