Daftari Ambalo Halikufunguliwa

Mwaka 2010 mpwa wangu alikuja kwangu likizoni akiwa na Nintendo DS, kile chombo cha michezo chenye vioo viwili kinachofunguka kama kitabu. Jioni moja aliniona nimekaa bure, akanikabidhi. "Mjomba," akasema, "huu utakufaa. Ni wa mahakamani."

Mchezo wenyewe huitwa Phoenix Wright: Ace Attorney. Ulitungwa na Shu Takumi wa kampuni ya Capcom, ukatolewa Japani mwaka 2001 katika Game Boy Advance, na mwaka 2005 ukaingizwa katika Nintendo DS ukiwa na Kiingereza pia. Mchezaji ni wakili kijana wa utetezi. Humsikiliza shahidi sentensi moja baada ya nyingine, akiwa na vielelezo vyake mkononi, na pale maneno na kielelezo vinapogongana hutoa pingamizi. Akipinga ovyo mara tano, mteja wake hutiwa hatiani.

Katika kesi ya kwanza shahidi anadai kwamba saa aliyoukuta mwili wa marehemu aliijua kwa kuisikia kwenye televisheni. Lakini miongoni mwa vielelezo imo taarifa kuwa wakati huo umeme ulikuwa umekatika jengo zima. Mpwa wangu alikuwa tayari kunidokezea. Nilicheka. Mtu wa kwetu hafundishwi kwamba umeme ukikatika televisheni hunyamaza!

Usiku ule, hata hivyo, nilikawia kupata usingizi. Nilikumbuka jambo lililonipata nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni. Fedha za mwenzetu zilipotea, nami nikashukiwa kwa kuwa kitanda changu kilikuwa jirani na chake. Nilipigishwa magoti usiku kucha, nikiulizwa swali moja tu: umezificha wapi? Kulipokaribia kupambazuka nikasema ni mimi, nikatia sahihi. Nilitaka kulala tu. Kumbe usiku wa wizi wenyewe nilikuwa nimelazwa katika zahanati ya shule kwa malaria, na jina langu limo katika daftari la wagonjwa. Nilipolitaja daftari hilo asubuhi, nilijibiwa: "Mbona umekiri?" Baba aliuza mbuzi wawili, akalipa. Hakuniuliza neno, nami kwa aibu sikumweleza. Alifariki mwaka 1988 bila kujua.

Baadaye nilitaka kujua nchi uliyotoka mchezo ule inavyohukumu watu wake, nikasoma nilichoweza kukipata. Japani ilipitisha sheria ya baraza la raia 12 katika kesi za jinai mwaka 1923, ikaanza kutumika mwaka 1928, ikasimamishwa mwaka 1943 wakati wa vita. Raia wa kawaida hawakurudi katika kiti cha uamuzi hadi mwaka 2009, ambapo raia 6 walianza kukaa pamoja na majaji 3 katika kesi nzito. Katika kila kesi 100 za jinai zinazofikishwa mahakamani huko, zaidi ya 99 huishia kwa mshtakiwa kutiwa hatiani. Sababu mojawapo ni kwamba waendesha mashtaka huzipeleka zile tu wanazoamini watashinda. Sababu nyingine ni uzito mkubwa unaopewa ungamo. Mtuhumiwa aweza kushikiliwa hadi siku 23 kabla ya kushtakiwa, akihojiwa.

Ndipo nilipokutana na habari za Iwao Hakamada, bondia wa zamani aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha miso, chakula cha soya iliyochachushwa. Mwaka 1966 alikamatwa kwa mauaji ya watu wanne wa familia moja. Baada ya kuhojiwa kwa siku kama 20 alikiri, kisha mahakamani akakana. Mwaka 1967 nguo zenye damu zikaonekana ndani ya pipa la miso, zikasemwa ni zake. Mwaka 1968 alihukumiwa kifo. Baadaye, wakati wa rufaa, alijaribishwa suruali ile, haikumwenea; hata hivyo hukumu haikubadilishwa. Mchezaji yeyote wa mchezo ule angelisimama palepale na kupinga! Hakamada alitoka gerezani mwaka 2014, na Septemba 2024, akiwa na miaka 88, mahakama ilimwachia huru na kutamka kwamba ushahidi ulikuwa umepikwa, ungamo likiwamo.

Kwa maoni yangu, ubaya wa ungamo la kulazimishwa hauishii katika uongo wake. Hufunga masuali. Mtu akishasema "ni mimi", suruali haipimwi tena kwa nia ya kujua ukweli, wala daftari halifunguliwi.

Habari ya kuachiwa kwa mzee yule ilipotangazwa, nilimpigia simu mpwa wangu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Tulizungumza juu ya mchezo wetu wa zamani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsimulia mtu habari ya shule. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Mjomba, hilo daftari lilikuwa likikaa wapi?"

Lilikuwa juu ya meza ya mganga, karibu na mlango. Nilikuwa nimengoja miaka mingi kuulizwa.