Kutoka Nyika hadi Miji: Jina na Ujirani katika Mwambao wa Kilifi na Malindi

Jina la kabila huchukuliwa mara nyingi kana kwamba limezaliwa ndani ya kabila lenyewe. Historia ya jina Mijikenda yaonyesha vingine. Katika karne ya 19 Mgiriama wa Kilifi alijulikana kwa mbari yake, kwa kaya yake, na pia kwa nyumba ya mjini aliyofungamana nayo kwa biashara au udugu. Huko Mombasa, Tisa Taifa walikuwa na mafungamano na Wagiriama, ilhali Thelatha Taifa walielekeana na Wadigo na Waduruma. Malindi na Takaungu, Mgiriama aliyesilimu akahamia mjini aliitwa mahaji. Baada ya kuoa na kukaa, wanawe waliweza kuhesabiwa kuwa Waswahili. Utu wake, kwa hiyo, ulikaa katika watu waliomjua na kumdhamini.

Neno “Mnyika” lilikuwa na tabia iyo hiyo. Halikuwa jina la kabila, bali lilieleza mahali aliposimama msemaji: yeye yuko mjini, anatazama bara. Lilikuwa na dharau ndani yake, lakini dharau ya jirani kwa jirani. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwenzake Rebmann walilichukua kwa wenyeji wa mji. Na mwaka 1887 kamusi yao ya “Kinika” ikachapishwa. Neno la ujirani likawa anwani ya kitabu, likasomwa na watu wasiopata kuiona nyika yenyewe. Utawala wa Waingereza ukalishika. Tena, kwa kuwatenga kisheria “wazalia” na wasio wazalia katika kodi na ardhi, ukaufanya ule mlango wa mahaji kuwa mwembamba.

Jibu lilitolewa katika miaka ya 1940, wakati Mijikenda Union ilipoundwa. Wanaisimu wamezoea kulitaja jina hili kwa hesabu yake tu, yaani makabila tisa. Lililo muhimu zaidi ni neno la kwanza. Aliyeitwa mtu wa nyika sasa anajiita mtu wa miji. Isitoshe, ingawa Kigiriama kina umbo lake, midzi chenda, lililotangaa ni umbo la Kiswahili, lugha ya yule aliyesema “nyika”. Na kenda, ambalo tisa la Kiarabu limelisukuma kando katika usemi wa kila siku, limehifadhiwa humo.

Kwa nini wakati ule? Siasa ni sehemu ya jibu, kama itakavyoonekana baadaye kwa Ronald Ngala na KADU mwaka 1960. Lakini huo pia ndio wakati wa redio: Sauti ya Mvita ilitangaza kutoka Mombasa tangu 1947 hadi 1966. Mbele ya wasikilizaji wasiojuana, kutaja mbari hakutoshi. Msikilizaji asiyemjua mtu huhitaji jina pana. Umma ulimfanya jirani kuwa mgeni, na jina likabadilika ili limfikie.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wamijikenda karibu milioni 2.5. Orodha iyo hiyo iliwataja chini yake Wagiriama, Wachonyi, Wakauma na wenzao, kila mmoja kwa jina lake. Mbari haikuulizwa.