Picha Isiyo na Jina

Mwezi wa saba Newala kuna baridi ambayo watu wa Dar hawaiamini. Nilishuka kwenye basi la kutoka Masasi nikiwa na fulana tu, bibi akanicheka kabla sijamaliza shikamoo.

Nilikuja kwa ajili ya tasnifu. Mwaka 1906, Majimaji ikiwa bado haijazimwa kabisa, Mjerumani Karl Weule alifika huku. Safari yake ilikuwa ya Kondoa Irangi. Vita ndivyo vilivyomgeuzia kusini. Alipita Masasi, ambako misheni ilikuwa imechomwa mwaka uliotangulia, akapanda uwanda hadi Newala. Alirekodi nyimbo kwenye mitungi ya nta, akapiga picha, akanunua vinyago vya ngoma na vyombo vya nyumbani. Neno "akanunua" linanisumbua. Ukibishana bei na mgeni aliyefuatana na askari, vita havijaisha, utakataa mara ngapi?

Mzigo ukaenda Leipzig, kwenye makumbusho aliyokuja kuyaongoza tangu 1907. Desemba 1943 mabomu yakaliangukia jengo, na sehemu ya mikusanyo ikaungua. Yaani vitu vimevuka bahari kwenda kuungulia katika vita vya watu wengine!

Darasani tulipewa mfano wa Bibracte, ngome ya Wakelti juu ya mlima huko Ufaransa. Makumbusho yake yako chini ya mlima huohuo: unaona chungu, unatoka nje, unapanda kuona kilikochimbuliwa. Newala, boma la Wajerumani bado limesimama, ni kituo cha polisi. Vinyago viko Leipzig.

Jioni nilimwonyesha bibi picha moja ya Weule kwenye simu, mwanamke mwenye ndonya. Aliishika mbali kidogo na macho.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Hawakuandika, bibi. Wameandika Mmakonde tu."

"Wamempiga picha wasimuulize jina?"

Sikuwa na jibu. Kurasa arobaini za tasnifu nimeandika, na swali hilo sikuwa nimeliweka popote. Alinirudishia simu, akaenda kutazama ming'oko yake jikoni. Nilidhani yamekwisha. Akarudi akijifuta mikono kwenye kanga, akaketi karibu yangu.

"Hebu ikuze hapo shavuni. Chale kama hizi mama yangu alikuwa nazo."