Nondo Aliyekula Msitu wa Miiba

Somo letu la leo ni la historia, lakini hamtasikia habari za wafalme wala za vita vya mizinga. Ni habari za mmea mmoja na kiwavi mmoja. Kama darasani kwenu mna ramani ya dunia, mwalimu na awaonyeshe Australia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Mmea wenyewe ni mpungate. Wengi wenu mnaujua. Una vipande vinene vilivyo bapa, vyenye miiba, na matunda yake yakiiva huwa mekundu. Asili yake ni Amerika. Mwaka 1788 Gavana Arthur Phillip alipowapeleka Waingereza wa kwanza kukaa Australia, alipitia Brazil, akachukua mipungate yenye wadudu wadogo ambao wakipondwa hutoa rangi nyekundu. Siku hizo rangi hiyo ilikuwa ya thamani. Ndiyo iliyotiwa katika makoti ya maofisa wa jeshi la Uingereza. Kazi ile ya rangi haikufaulu. Baadaye watu wakaleta aina nyingine za mpungate, wakazipanda kuwa ua wa mashamba. Na kweli ni ua mzuri: hauhitaji maji mengi, na ng'ombe hapiti.

Lakini ua ule haukukaa mahali pake. Kipande kimoja kikianguka chini, huota mizizi. Ndege hula matunda, wakaangusha mbegu mbali. Kufika mwaka 1925 mpungate ulikuwa umeenea katika eka kama milioni 60 za Queensland na New South Wales. Huo ni ukubwa kama wa nchi nzima ya Uganda! Katika nusu ya eneo hilo ulisongamana hata ardhi haikufaa kitu.

Watu walikata, wakachoma moto, wakanyunyiza sumu kali ya aseniki. Mara nyingi gharama ya sumu ilizidi bei ya shamba lenyewe. Serikali ya Queensland iliahidi zawadi ya pauni 10,000 kwa mtu atakayeleta dawa, hakuna aliyeipata. Hata wale ndege wakubwa waitwao emu waliuawa kwa malipo, kwa kuwa walikula matunda na kueneza mbegu. Wakulima wengi walifunga nyumba zao, wakahama.

Ndipo wataalamu wa wadudu walipouliza swali jepesi: mbona kwao Amerika mpungate haujai nchi? Jibu lilikuwa kwamba kule wako wadudu wanaoula. Mmea ulivuka bahari, adui zake wakabaki. Basi mwaka 1912 mabwana wawili, Harvey Johnston na Henry Tryon, walitumwa kuzunguka dunia kutafuta adui hao. Walimwona kiwavi wa Argentina anayetoboa mpungate na kuula kwa ndani. Walijaribu kumfuga Australia mwaka 1914, akafa. Kisha vita vikuu vikaanza.

Mwaka 1925 Bwana Alan Dodd, kijana asiyetimiza miaka 30, alijaribu tena. Alipeleka kutoka Argentina mayai kama 3,000 ya nondo aitwaye Cactoblastis. Nondo huyu hutaga mayai yake moja juu ya jingine, hata yakafanana na mwiba. Viwavi wakianguliwa, huingia pamoja ndani ya kipande cha mpungate, wakala nyama yake, na kinachobaki huoza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi kubwa. Hawakuwaachia wadudu mara moja. Je, kama viwavi wangemaliza mpungate na kugeukia mazao? Kwanza waliwajaribu kwa mimea mingine yenye faida, wakaona kwamba viwavi hawawezi kuishi kwayo. Hapo tu ndipo walipowaachia, mwaka 1926. Mayai yalibandikwa katika vipande vya karatasi, na wakulima wakavipachika kwa pini juu ya mipungate. Kufika mwaka 1931 yalikuwa yamegawiwa mayai zaidi ya milioni 2,000. Miaka miwili baadaye sehemu kubwa ya msitu ule ilikuwa imeoza, na watu wakarudi kulima. Huko Boonarga, Queensland, walijenga jumba la mikutano, wakalipa jina la nondo huyo. Mimi sijui jumba jingine lililopewa jina la mdudu.

Watu wengine wa Queensland hawakuiga uangalifu ule. Mwaka 1935 walileta chura mkubwa kutoka Hawaii ale wadudu wa miwa. Aliacha wadudu hao, akala vingine vyote, na hata leo yupo tele. Naye Cactoblastis si rafiki wa kila nchi. Mwaka 1989 alionekana Florida, Marekani, na jirani zao wa Mexico wakaingiwa na hofu, kwa sababu kwao mpungate ni mboga na matunda yake huuzwa sokoni.

Kwetu Afrika Mashariki mpungate umewatesa wafugaji wa Laikipia, Kenya. Miiba midogo ya matunda huwaumiza mbuzi vinywa na macho. Katika miaka ya 2010 wataalamu waliachia huko mdudu wa jamii ileile iliyotoa rangi nyekundu ya Gavana Phillip. Hufyonza maji ya mpungate mpaka ukanyauka.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja awaulize wazee wa kwao: ni mmea gani wa hapa ambao haukuwapo walipokuwa watoto, na nani aliuleta? Andikeni majibu katika daftari, mistari mitano.